Bajeti na mizigo: tela dogo la kulala kutoka Minnesota hadi Grand Canyon

Msafiri_Minneapolis
Habari zenu, ndugu. Tumenunua tela dogo la kulala, lile lenye umbo la tone la maji na jiko nyuma chini ya mlango wa kuinua. Septemba tunakusudia kulivuta hadi hifadhi ya taifa ya Grand Canyon kwa kupitia hifadhi za Badlands, Yellowstone, Grand Teton na Arches, mwendo wa takriban maili 4,000 kwenda na kurudi. Fedha nyingi zitaishia wapi, na tubebe nini ilhali ndani hamna nafasi zaidi ya godoro? Mume wangu anataka kujaza jikoni unga, maharage na maji ya wiki nzima ili tusinunue kitu njiani.

Dereva_Ohio
Dada, kubwa ni petroli. Gari linalokwenda maili 28 kwa galoni laweza kushuka hadi 20 likivuta tela, hivyo hesabu galoni 200, ambazo kwa dola 3.50 ni dola 700. Upepo wa mbele wa South Dakota na Wyoming ni mkali, na anayeshika maili 60 kwa saa badala ya 75 huokoa mafuta mengi.

Wazo la shemeji siliungi mkono. Jiko liko nyuma ya ekseli, na kila kilo inayowekwa pale hupunguza uzito unaokalia kiungio cha gari, ambao unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua mno, tela huyumba, hasa kwenye mteremko. Maji lita 40 ni kilo 40: yawekeni ndani ya gari, na mjaze mnapokaribia kambi. Someni kibao cha uzito wa juu kwenye tela, kisha mlipitishe kwenye mizani ya kituo cha malori likiwa limepakiwa kila kitu.

Mlimani_Colorado
Viingilio vya hifadhi hizo tano, mkilipa kimoja kimoja kwa gari, vitafika dola 165, ilhali pasi ya mwaka kwa wakazi wa Marekani ni dola 80. Mnaweza kulala bure katika mbuga za Buffalo Gap karibu na Badlands na katika msitu wa Kaibab kusini mwa Grand Canyon, mradi mjitegemee kwa maji na choo. Yellowstone na Grand Teton hakuna kulala bure ndani ya hifadhi, kwa hiyo kambi za huko ziwekewe nafasi mapema. Nguo, begi moja dogo kwa kila mtu linatosha, lakini sweta nzito isiachwe, kwani usiku wa Septemba kule Yellowstone hufikia baridi ya kugandisha maji.

Jikoni_Texas
Naongeza la maharage. Yellowstone sehemu kubwa iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 92 tu, na maharage makavu yatawamalizia gesi kabla hayajaiva. Nunueni ya kopo. Unga wa mahindi unauzwa kila mji mtakaopita, ingawa si laini kama wa nyumbani. Dagaa, ambao najua shemeji atawaficha mahali, wafungiwe ndani ya gari au katika kasha la chuma la kambini, kwa sababu sheria za Yellowstone zinakataza kuacha chakula nje, na dubu hunusa kutoka mbali sana.