Anayewapa dwm wanaoanza aitwe ajieleze

Waheshimiwa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira, na sitamtaja mtu, kwa kuwa kila aliyewahi kuuliza swali kuhusu mfumo endeshi wa Linux miongoni mwetu anamfahamu: ni yule bwana mwenye skrini nyeusi tupu, ambaye ukimwomba ushauri kuhusu programu ya kwanza ya kusimamia madirisha hukujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nilimweleza wazi kwamba ninatoka Xfce, mazingira ya kawaida yenye menyu na ikoni, kwamba lugha ya programu ya C siijui, na kwamba ninachotaka ni madirisha yajipange yenyewe ubavu kwa ubavu ili niandike ripoti huku nikisoma. Akaniamuru niweke dwm, programu ya kusimamia madirisha iliyoandikwa kwa C, eti msimbo wake umewekewa kikomo cha mistari 2,000 na mtu mwenye akili timamu huumaliza jioni moja. Leo alasiri nilitaka kufunga kikokotoo, basi, nikabonyeza Alt, Shift na Q kama nilivyojifunza kwenye video. Kumbe ndani ya dwm vitufe hivyo huizima dwm yenyewe, na kila kilichokuwa wazi huondoka nayo, ripoti yangu ikiwemo. Nadhani hata taa za mtaa mzima zilififia.

Nilipolalamika, akajibu mbele ya kundi zima: "Programu imekutii." Imekutii! Mtu amepoteza kazi ya wiki nzima, anaambiwa ametiiwa. Kwamba nikitaka kubadilisha vitufe nihariri config.h, faili ya mipangilio iliyo ndani ya msimbo, kisha nikompaili upya, yaani nigeuze msimbo kuwa programu, hilo ningelisamehe. Nisichoweza kusamehe ni hilo "imekutii", tena likisindikizwa na kikatuni cha kikombe cha kahawa. Namwombea kinyozi atakayemtii namna hiyo hiyo.

MsomaMwongozo: Pole, ndugu, ila wiki nzima bila kuhifadhi faili ni maradhi yasiyotibiwa na programu yoyote. Isitoshe, waundaji wa dwm wameandika wenyewe kwamba kulazimisha watu wahariri msimbo kunawafanya watumiaji wabaki wachache na wenye kujiona, pasiwe na wageni wa kuuliza maswali ya kijinga. Ulionywa mlangoni.

BintiKibodi: Mimi bwana huyo huyo alinipa xmonad, ndugu yake dwm iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, nikajikuta ninapakua kompaila ya lugha hiyo kwa bando la simu, na nilipomaliza hapakuwa na hata saa kwenye kona ya skrini. Mleta uzi angeanza na i3, programu nyingine ya kupanga madirisha, ambayo ikiwashwa mara ya kwanza hujitolea kukuandikia faili ya mipangilio na kukuuliza kama utatumia kitufe cha Windows au Alt. Huko, kitufe hicho pamoja na Shift na Q hufunga dirisha moja tu. Bila shaka video aliyojifunzia ilikuwa ya i3.

Mleta uzi: Video ilikuwa ya nani si hoja. Hoja ni "imekutii".

MzeeWaVim: Tusiipambe i3 kupita kiasi. Sisi tuliozoea h, j, k na l za kwenda kushoto, chini, juu na kulia katika kihariri cha Vim tumesogezewa vidole hatua moja kulia, tukapewa j, k, l na nukta-mkato, kwa hiyo kila nikitaka kushuka ninakwenda kushoto.

KadiMbovu: Heri wewe unayekwenda popote. Mimi nilichagua Sway, ambayo inatumia Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, na kuelewa mipangilio ya i3, ikakataa kuwaka kwa sababu ya kadi yangu ya picha. Wakati huo ilikupasa uandike kwenye amri ya kuiwasha opsheni ndefu ya kuahidi kwamba kadi yako ijayo haitatoka kwa kampuni ile, Nvidia. Niliahidi, na mke wangu ni shahidi.

Mleta uzi: Jamani, ripoti yangu.

MzeeWaVim: Lakini Sway imerejesha h, j, k na l, kwa hiyo niko tayari kuahidi hata usiku huu. Niwekee opsheni hiyo hapa, tafadhali.

KadiMbovu: Waliibadilisha, mzee. Siku hizi unakiri tu kwamba kadi yako haiungwi mkono.