Naombeni ushauri: Yusuf wa Peponi alikosea kuwafuata askari wa Mjerumani?

Mwana wa Urambo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina insha ya fasihi ya kukabidhi Jumatatu na nimekwama pabaya. Riwaya ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Swali linataka nichambue mhusika asiyejijua ni nani na anayejiona mgeni kila aendapo. Nimemchukua Yusuf. Mwanzo umekwenda vizuri: mtoto wa miaka 12 anapandishwa treni na tajiri anayemwita mjomba, kumbe baba yake kamweka rehani kwa deni. Nikifika mwisho, pale anapoikimbilia safu ya askari wa Mjerumani, nashindwa. Mimi nataka kuandika kwamba alifanya sawa. Mwalimu kaniambia hoja haina mashiko. Usingizi sipati.

Kidagaa Mkavu
Naweka kigoda hapa nisubiri wasomi. Sisi enzi zetu tulikariri dhamira tano na wahusika sita, tukafaulu, maisha yakaendelea.

Bi Mkubwa wa Makunduchi
Mwanangu, kabla ya yote kasome Surat Yusuf. Kijana mzuri wa sura, mke wa tajiri anamtaka, kanzu inachanwa kwa nyuma. Gurnah ni mtoto wa Unguja, kisa hiki kakikuta tangu chuo cha Kurani. Usipokiona hicho hutamwelewa kijana wala bibi mwenye nyumba. Vijana wa leo mnakimbilia nadharia za Wazungu na Msahafu uko juu ya kabati.

Chaki Nyeupe
Mleta mada, achana na "alifanya sawa" au "alikosea". Insha ikishakuwa hukumu, uchambuzi umekufa. Waweke waliowekwa rehani pamoja uwatazame. Khalil alikuja kwenye duka la tajiri kwa deni la baba yake kama Yusuf. Deni likaisha, mama na ndugu zake wakarudi Arabuni, yeye akabaki kwa sababu ya Amina, dada yake wa kulelewa, ambaye Seyyid, yaani yule tajiri, kamuoa. Yule hana minyororo, ila heshima imemfunga pale dukani. Amina anajua fika kwamba ile nyumba ni jehanamu yake, na haondoki. Halafu mzee Hamdani wa bustanini: alipewa uhuru akaukataa, akauliza nani kampa bibi huo uhuru hata aweze kuugawa. Sehemu ile naisoma kila mara na inanisimamisha palepale. Ukishawapanga hao, mbio za Yusuf zitajieleza.

Mwana wa Urambo
Asante mwalimu, ila Khalil na Hamdani wote walikaa. Nani kasema kukaa ndiyo ushujaa? Yusuf alikuwa na njia moja tu iliyofunguka, akaishika.

Tairi Bovu
Mkuu, mbona unamtetea kama ndugu yako? Umepewa ushauri wa bure unaosukuma kalamu, wewe unarudi palepale. Kuna kitu hujasema.

Mwana wa Urambo
Sikutaka kuchanganya mambo. Baba yangu analima tumbaku. Mwaka mmoja alikopa mbolea kwa mfanyabiashara, mvua ikakata. Mimi nikaletwa Kariakoo kwa yule mfanyabiashara "nisaidie dukani huku nasoma". Namwita mjomba, undugu hatuna. Nimelala juu ya majora ya vitambaa tangu nikiwa darasa la sita. Sasa nimepata kazi ya ulinzi Ghuba, nataka kuacha chuo. Mjomba sijamwambia. Mwalimu wangu akisema Yusuf kakimbia bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine, nahisi ananisema mimi.

Nahodha wa Kirumba
Pole sana mdogo wangu. Mimi nililelewa na shangazi Mwanza, kila alfajiri nakwenda mwaloni kupokea dagaa kabla ya shule. Nanuka darasani, watoto wanahama dawati. Nilimchukia shangazi miaka mingi. Alipofariki ndiyo nikajua kiwanja kaandika jina langu. Usikurupuke.

Kidagaa Mkavu
Subirini kwanza. Duka, mjomba asiye mjomba, deni la baba, kulala dukani, halafu kijana anatoroka. Wakuu, hii chai! Kaichukua Peponi, katoa treni kaweka tumbaku.

Tairi Bovu
Chai ya tangawizi kabisa. Nilikuwa nishaanza kumwonea huruma.

Bi Mkubwa wa Makunduchi
Kwani hayo yameishia zama za Mjerumani? Nyumba ngapi mjini zina mtoto wa bara anayeitwa "ndugu" na analala jikoni? Muogopeni Mungu.

Mwana wa Urambo
Asiyeamini asiamini. Kuna kauntabuku ya jalada jeusi kwenye droo ya chini, mgongo umefungwa selotepu. Ukurasa wa baba una mifuko ya mbolea, tarehe, na sahihi yake ya dole gumba. Chini yake, kwa peni nyingine, imeandikwa ada yangu ya kidato cha kwanza. Cha pili. Sare. Dawa ya malaria. Kila nilichodhani ni wema kimeongezwa kwenye deni. Hilo sijalitoa kwenye riwaya.

Kidagaa Mkavu
Dah. Nimefuta kauli, mkuu. Mama yangu alikuwa mtu wa hivyo hivyo kwenye nyumba ya watu, sikupaswa kucheka.

Chaki Nyeupe
Swali moja, na usijibu kwa hasira. Hiyo kazi ya Ghuba, tiketi na viza kalipa nani?

Mwana wa Urambo
Wakala. Watakata kwenye mshahara. Lakini ni mkataba wa miaka miwili tu, na wenzangu wawili wamesharudi na wamejenga.

Chaki Nyeupe
Basi lisome tena lile tukio la mwisho ukitazama anaowakimbilia, siyo anaowakimbia. Askari wale wanakusanya watu kwa nguvu wakawe wapagazi wa vita. Yusuf anaona yote hayo akiwa amejificha, kisha anawakimbilia. Insha yako iko hapo. Na bado unaweza kumtetea, ila mtetee ukiwa umeyataja hayo.

Mwana wa Urambo
Sawa. Insha nitaibadilisha, nianze na Hamdani. Safari siahidi kitu. Usaili ni Jumatano na nitaenda.

Nahodha wa Kirumba
Nenda, ila kabla ya Jumatano pita TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama huyo wakala ana leseni. Mkataba usisaini bila kupewa nakala, na uliza pasipoti atakaa nayo nani ukifika kule. Jina la wakala nitumie inbox, usiliweke hapa.