Naomba ushauri: blanketi na tandiko la farasi mzee katika baridi ya Alberta

Ndugu wafugaji, salaam. Ninaishi Alberta, Kanada, ambako baridi hufika nyuzi 25 chini ya sifuri, nami ninamfuga farasi jike wa Kiarabu mwenye umri wa miaka 19, ambaye hakunyolewa na hushinda malishoni penye kibanda kilicho wazi upande mmoja. Najua kwamba farasi mwenye nyasi kavu za kutosha hujipasha joto mwenyewe, kwa kuwa nyasi hizo zikichachuka tumboni hutoa joto. Lakini huyu amekonda, na nikimpapasa nazihisi mbavu moja moja chini ya manyoya.

Kwa sasa anavaa blanketi lisilopitisha maji, lenye kijazo cha ndani cha kuhifadhi joto cha gramu 200 kwa kila mita ya mraba, ambalo limemkaa vizuri kifuani ila limeanza kumkwangua manyoya mabegani. Mgongo wake ni mfupi na mpana, kama walivyo Waarabu wengi (nasema farasi), na nikimvua tandiko baada ya matembezi, jasho huwa limelowesha pote isipokuwa sehemu mbili kavu, za ukubwa wa kiganja, kila upande wa uti, nami nahisi ndipo tandiko linapombana. Nimejaribu kuweka pedi nene zaidi, hali ikazidi.

Je, nihamie blanketi la gramu 300, au nimvalishe kitambaa chepesi kinachoteleza chini ya hili alilonalo? Na tandiko lenye fremu pana nilitafute sasa, au nisubiri kwanza anenepe ndipo fundi ampime?