Mafundi wa laptopu Nairobi, nani aliwaambia vitufe vinabandikwa kwa gluu?

Jamani, nimekasirika. Kitufe cha A cha laptopu yangu kilichomoka. Hakikuvunjika, kilichomoka tu, na vile viplastiki vyake vya chini vilikuwa vizima. Nikavifunga vyote kwenye karatasi, nikampelekea fundi maeneo ya Luthuli. Hata hajaifungua ile karatasi: "Hiyo haitengenezeki, siste. Ni kubadilisha kibodi yote." Nikakataa. Akasema basi atanirudishia kitufe vile vile. Nilipokuja kuichukua mashini, A imeganda! Kaimwagia supa gluu, na gluu imeingia mpaka kwenye kimpira cha kati. Na pesa akadai. Mimi naishi kwa kuchapa kazi za watu kwa Kiswahili. Hebu andika sentensi moja ya Kiswahili bila A.

Wacha niwaeleze alichoharibu. Chini ya kitufe cha laptopu kuna vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, vinashikana kwa vijino vya pembeni. Katikati yake kuna kimpira, na chini kabisa karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Ukibonyeza, mkasi unalala, kimpira kinabonyea, njia zinagusana, herufi inatokea. Ukiachilia, kimpira kinakirudisha kitufe juu. Hakuna mahali hapo kitufe kinashikiliwa na gluu. Kinaukamata mkasi kwa klipu zake, nao mkasi umekamatwa na vindoano vya bati la kibodi. Vyote hivyo lazima vicheze.

Na kukirudisha si uchawi. Unaunganisha mkasi, unauingiza kwenye vindoano, unaupandisha na kuushusha uone kama unacheza, halafu unaweka kitufe juu na kukibonyeza pembe kwa pembe mpaka usikie tak. Spesi, Enta na Shifti huwa na waya wa chuma pia, nao unatangulia kuingia kwenye vishikio vyake, la sivyo upande mmoja utakuwa unakwama kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya kumwambia mtu anunue kibodi nzima?

Kinachoniuma zaidi ni bisibisi. Wanakita bisibisi bapa chini ya kitufe na kukikwanyua, vindoano vya bati vinapinda au vinakatika, na hapo kweli hakuna kitufe kitakachokaa tena. Yaani anayekuharibia ndiye huyo huyo anayekuuzia kibodi. Na laptopu nyingi za siku hizi kibodi imepigwa ribiti za plastiki kwenye jalada linalozunguka vitufe, kwa hiyo kuibadilisha ni kutoa betri, kutoa bodi kuu ya ndani, kuivua mashini yote. Gharama hiyo hawakutajii mwanzoni.

Msiniambie ni kitufe tu. Apple walileta vitufe vya kipepeo mwaka 2015, yaani vyenye vibawa viwili vya plastiki mahali pa mkasi, vikawa vinakwama. Watu walipiga kelele mpaka 2018 kampuni ikaanza kuvitengeneza bure, 2019 ikaanza kurudi kwenye mkasi, na 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi huko Marekani. Kwa ajili ya vitufe! Sisi hapa tuna kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinachompa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, lakini ukimtajia fundi anakuangalia kama umemtukana.

Mafundi wazuri wapo, wenye subira na taa yao na kibanio, sisemi wote. Lakini kama hujui kazi ya vitufe, sema hujui, nipeleke kwa jirani. Usishike mali ya mtu.

Sasa, nataka pesa yangu, na kesho narudi kwa huyo fundi. Na yeyote anayejua mahali hapa mjini wanapouza mkasi na kimpira cha kitufe kimoja kimoja, wala si kibodi yote, aandike hapa chini pamoja na bei. Picha za uharibifu naziweka jioni.