Mliosoma Dodoma: bangi, sigara na akili kuyumba chuoni. Tupeane uzoefu

Mnyaturu Mpole: Jana nimepita Ng'ong'ona, vijana wamejibanza nyuma ya banda la chipsi wanapokezana msokoto, vitambulisho vya chuo shingoni. Mwageni yenu, wakuu.

Mzee wa Sapu: Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hata walokole walikuwa wananuka fegi.

Kipanga Mstaafu: Umenikumbusha rumeti wangu wa mwaka wa pili. Kichwa haswa, darasa zima tulikuwa tunadesa kwake. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa, akawa anashindia sigara za kununua mojamoja, halafu akahamia msuba, yaani bangi, eti unamsaidia kukesha. Kulala akaacha kabisa. Akaanza kusema wahadhiri wanamsikiliza kupitia feni. Sisi tunacheka, tunajua ni utani. Siku ya kuamkia mtihani tukaamka hayupo, na godoro halipo. Tukamkuta korongoni, ule upepo wa Julai unapuliza, amekaa juu ya godoro na madesa yote kayapanga chini, kila karatasi na jiwe lake. Anasema godoro lina vinasa sauti, amelitoa ili likasemee huko. Mjomba wake akaja kutoka Iramba, akasema huyu karogwa, apelekwe kwa mganga. Tulibishana naye hadi stendi. Tukampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mjomba analia getini: "Dada yangu nitamwambia nini?" Alilazwa, akatulia. Mwaka uliofuata akarudi darasani. Chuo (sikitaji) kilikuwa kimeshamwandika mtoro.

Binti Kondoa: Godoro likasemee huko 😂😂

Mama Pacha: Unacheka mgonjwa? Omba yasikukute.

Binti Kondoa: Nimecheka godoro, sijamcheka yeye. Punguza jazba, dada.

Jah Makulu: Msisingizie majani. Mimi navuta miaka yote na ni mzima. Kilichomchanganya ni njaa.

Mzee wa Sapu: Mzima kwa cheti cha nani?

Nesi wa Zamu: Si kila mvutaji anachanganyikiwa, kweli. Ila mwenye ugonjwa wa akili kwenye ukoo, au aliyeanza akiwa mdogo, anacheza na moto. Kukosa usingizi nako kunachochea. Na acheni kuja Itega, kwenye kituo cha waraibu, kuomba methadoni ya bangi, ile ni ya waraibu wa heroini.

Mtoto wa Nkuhungu: Mie sivuti, naweka kuberi tu chini ya mdomo.

Nesi wa Zamu: Hiyo ni tumbaku, kaka.

Mama Pacha: Pigeni 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, ni bure.

Jah Makulu: Upige uje ukamatwe. Anywe maziwa, alale.

Mama Pacha: Maziwa hayo kanywe wewe.

Mgeni wa Kibaigwa: Samahanini, nimechelewa. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza, hali wala halali, anaongea na ukuta. Chuo kinasema kwanza tulete barua. Mirembe wanapokea bila barua?

Nesi wa Zamu: Hiyo ni dharura. Mlete leo hii, aje na ndugu anayemfahamu vizuri. Barua itafuata.