Timu ikishindwa, mrushaji ndiye wa kulaumiwa?

Mwenye mada, Kisauni: Asalaam aleikum. Tangu mdogo wangu arudi kutoka Marekani hatulali. Mechi ya besiboli ikianza saa moja jioni New York, huku kwetu ni saa nane usiku. Juzi timu yake imefungwa 2-1, na kushindwa kukaandikwa jina la mtu mmoja: mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Uwanjani wako tisa! Kanuni yao inamtia hatiani mrushaji aliyemwachia mpinzani kufika kituoni, kisha huyo akazunguka vituo vyote na kuwapa wenzake uongozi wasioupoteza tena. Mimi naona ni uonevu, yeye ananicheka. Mwasemaje?

Majengo: Ana lawama, tena kubwa. Asiporusha hakuna mchezo. Jahazi likipanda mwamba, huulizwa nani kama si nahodha?

Mwenye mada: Haya, nahodha. Mwaka 1959 Harvey Haddix wa Pittsburgh aliwatoa wapigaji 36 mfululizo wa Milwaukee, duru 12 nzima (kila duru, timu zote mbili hupiga kwa zamu), hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Wenzake wakapiga mipira 12 safi, yaani ya kumfikisha mpigaji kituoni, wasipate hata pointi moja. Duru ya 13, mlinzi wake Don Hoak akarusha vibaya, mpinzani akapata kituo. Baadaye Joe Adcock wa Milwaukee akautandika mpira, 1-0. Aliyeandikiwa kushindwa ni Haddix. Jahazi hilo lilipandishwa mwamba na nani?

Likoni: Mnanikumbusha mbali. Nilikuwa kipa mtaani. Fainali moja, mshambuliaji wetu alibaki yeye na goli akapiga juu mara tatu, moja ikatua kwenye karai la muuza mihogo. Dakika za mwisho nikafungwa moja, imenipita chini ya kwapa. Tangu siku hiyo naitwa Pakacha. Nina wajukuu, bado Pakacha! Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi: yule mshambuliaji alikwenda zake kula mahamri na mbaazi, hakuulizwa neno.

Majengo: Pole ami, lakini si ilipita chini ya kwapa?

Likoni: Ilipita. Sikatai.

Changamwe: Hapo ndipo penyewe. Ken Johnson wa Houston, 1964, hakupigwa hata mpira mmoja safi duru zote tisa, akashindwa 1-0. Watu humlilia, wakisahau kwamba aliyemfikisha mpinzani wake Pete Rose kituo cha pili ni Johnson mwenyewe, kwa kurusha ovyo kwenda kituo cha kwanza. Kisha mlinzi wake Nellie Fox naye akaponyokwa na mpira, Rose akaingia. Kosa la wawili, jina moja.

Mwenye mada: Nakubali, aulizwe mipira yake. Ila pointi zisizofungwa asiulizwe. Tangu 2022 ligi zote mbili kubwa zina mpigaji maalumu anayeshika gongo badala ya mrushaji. Ukimtoa Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga pia, na wachache mno, warushaji hawashiki gongo kabisa. Atafungaje? Mrushaji Jacob deGrom wa Mets ya New York, 2018, alifungwa wastani wa pointi 1.70 kwa duru tisa, na daftari likamwandikia ushindi 10, kushindwa 9. Waliopiga kura hawakulijali daftari, wakampa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi.

Majengo: Na aliyefungwa tisa bila?

Mwenye mada: Huyo mchukue, sheikh. Hatugombani.

Likoni: Leo usiku kuna nyingine? Nije na kahawa.