Mrejesho: mkufu wa waya na shanga za zamani umekamilika

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini waya wangu wa shaba ulikuwa ukikatika kila nilipofuma kroshia mkufu wa shanga nilizozitoa kwenye mikufu iliyochakaa. Asanteni sana kwa majibu yenu, nimeyafanyia kazi karibu yote.

Kilichosaidia zaidi ni kuacha waya wa milimita 0.5 na kutumia wa 0.3. Halafu kuna aliyenieleza kwamba shaba hukakamaa kila inapokunjwa, mwisho huvunjika. Hapo ndipo nilipoelewa: kumbe kufumua na kurudia ndiko kulikokuwa kunaukata! Sasa nikikosea kidogo naliacha kosa lilivyo, na vitanzi naviacha vilegee, sivuti kama uzi. Shanga zote nilizitunga kwenye waya kwanza, ndipo nikaanza mnyororo, yaani safu ya vitanzi vinavyopitana kimoja ndani ya kingine, nikisogeza ushanga mmoja kila baada ya vitanzi viwili. Umetoka mwepesi, na unang'aa vizuri mno.

Ushauri wa kuosha shanga kwa maji ya moto na sabuni haukunifaa kote. Za kioo zilitakata, lakini za plastiki zilizopakwa rangi zilibanduka rangi, nikapoteza nyingi. Kwa hizo, maji baridi na kitambaa laini vinatosha.

Bado ncha za waya karibu na kifungo zinakwaruza shingo, ingawa nilizikunja ndani kwa koleo. Nitaifumua sehemu hiyo tu na kuzificha ncha ndani ya ushanga wa mwisho.